Mlango Usiozinduliwa

Iko nchi inaitwa Heko. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana wachora ramani walipokwenda kuomba kibali cha kuichora waliambiwa waache maombi yao pale kaunta, na mpaka leo yako pale kaunta. Ni nchi njema sana. Mvua hunyesha siku iliyotangazwa, na isiponyesha, tangazo hurekebishwa. Tena kwa mujibu wa vitabu vya serikali, tangu Heko iumbwe hakuna raia hata mmoja aliyekanyagwa, kubanwa wala kukosa pumzi kwenye mkutano wa hadhara. Wapo waliokwenda mikutanoni na hawakurudi, hilo halifichwi. Vitabu vinasema walinogewa.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwanamke jina lake Siwatu Ngalapi, Afisa Usalama wa Umati, Daraja la Tatu. Daraja la Kwanza na la Pili hazikuwa na mtu. Siwatu alipelekwa ng'ambo miezi tisa kwa fedha za mfadhili kusomea namna watu wengi wanavyoweza kukaa pahala pamoja bila kuuana, akarudi na cheti na ugonjwa mmoja: kila alipoona watu, alihesabu. Harusini alihesabu, msibani alihesabu. Alijua kuwa watu wanne wakisimama katika mita moja ya mraba wanaweza kucheza ngoma. Wakifika sita, hakuna anayecheza tena. Wakizidi hapo, hakuna mwenye miguu yake. Wote huenda kama maji yaendavyo, na aliye karibu na ukuta ndiye anayelipa kwa niaba ya wenzake.

Hayo yote aliyaandika kwenye ripoti ya kurasa arobaini. Waziri wa Umati na Shangwe, Daktari Fikirini Mapande, aliipokea kwa mikono miwili mbele ya wapiga picha akasema ni ripoti nzito. Na kweli ilikuwa nzito, kwani tangu siku hiyo inatumika kuzuia mlango wa ofisi yake usibamizwe na upepo.

Ni ukurasa mmoja tu uliotekelezwa. Uwanja wa Taifa ulikuwa na milango mitatu, yote upande wa magharibi, chini ya jukwaa kuu, ili anayeingia aonekane na anayetaka kutoka aonekane zaidi. Siwatu aliomba mlango wa nne upande wa mashariki, upana wake mita sita, unaofunguka kwa nje. Mfadhili akaujenga. Ukatoka mlango wa chuma, mwekundu, bawaba zimepakwa grisi mpaka mtoto angeweza kuusukuma. Ila haukutumika, kwa kuwa haukuwa umezinduliwa.

Hapa wageni wanaomba maelezo, na haki yao. Heko kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Kisima kinaweza kujaa maji yakafurika barabarani, lakini kama mgeni rasmi hajakata utepe, ukiteka ndoo moja umeiba. Iko zahanati huko Bonde la Juu ambako akina mama wamejifungulia kwenye ngazi kwa miaka minne, wakiutazama utepe. Watu wameshazoea. Hata majumbani, mtu akinunua kochi jipya familia hukaa mkekani mpaka mjomba aje.

Tena ukubwa wa mgeni rasmi sharti ulingane na ukubwa wa kitu. Mlango wa Siwatu ulipangiwa kwanza mkuu wa wilaya. Mkuu wa mkoa akaona amerukwa. Waziri akaona hao wote wawili hawalingani na mita sita. Mwisho ikaamuliwa kwamba mlango wa namna hiyo ni wa Mlezi wa Taifa mwenyewe, naye Mlezi ni mtu wa shughuli nyingi. Miaka miwili ikapita. Utepe ulipauka kwa jua ukabadilishwa mara nne. Akaajiriwa pia askari wa kuulinda, Koplo Pazi Mgude, mtu mpole mwenye masharubu mazito, ambaye kila asubuhi aliukung'uta vumbi kwa kitambaa na kusaini daftari kuwa utepe ni mzima.

Sasa, sikukuu kubwa kuliko zote Heko ni Siku ya Shukrani, siku ambayo wananchi humshukuru Mlezi kwa kuwapa nafasi ya kumshukuru. Mwaka huo Waziri Mapande alitangaza redioni kwamba watahudhuria watu laki moja. Siwatu alipolisikia hilo aliacha chai yake mezani, akaenda ofisini kwa Waziri.

"Mheshimiwa, uwanja ule unachukua watu elfu thelathini na tano."

"Nani kasema?"

"Walioujenga."

"Waliujenga zamani, Bi. Siwatu. Tumeshaendelea." Waziri akavuta karatasi, akaandika waraka wa mistari mitatu wa kuuongezea uwanja uwezo, kutoka elfu thelathini na tano hadi laki moja, kuanzia tarehe ya kusainiwa. Akagonga muhuri. Halikuongezwa tofali, wala kiti, wala choo, na kazi yote ilikwisha kabla chai ya Siwatu haijapoa.

Basi watu wakaletwa. Kila kata ilipewa idadi yake na kila lori liliondoka na karatasi ya mahudhurio yenye majina. Jina lako likikosekana kwenye karatasi hiyo, sahau mbolea ya ruzuku, sahau barua ya mtendaji wa kata, sahau cheti cha kuzaliwa cha mwanao. Miongoni mwa walioandikwa alikuwamo Bi. Kidawa, mama mzazi wa Siwatu, mwanamke wa miaka sabini na moja. Siwatu alimpigia simu siku moja kabla.

"Mama, kesho nakuomba usije."

"Nisije vipi, na nimeshaandikwa?"

"Uwanja hautatosha, mama."

"Hayo ya kutosha na kutotosha mwambie mtendaji. Mimi nina nusu eka ya mahindi yanangoja mbolea. Halafu mwaka huu tunapewa kanga."

"Kanga nitakununulia mimi."

"Za kununua ninazo. Hii ni ya kupewa, mwanangu. Wewe kaniangalie upande wa mashariki, ndiko tulikopangiwa."

Simu ikakatika. Upande wa mashariki ndio uliokuwa na mlango ambao haupo.

Siku yenyewe ilipofika, saa tatu asubuhi viti vilikuwa vimejaa na malori bado yanashusha. Mlezi alitakiwa saa nne akafika saa saba, na Heko huko ni kuwahi. Alipoketi tu, Mkuu wa Itifaki akaamuru milango yote mitatu ipigwe kufuli, maana kwa desturi ya nchi ile hakuna atokaye kabla ya Mlezi. Kumpa Mlezi mgongo ni kosa la jinai. Kubanwa haja wakati anahutubia bado kunajadiliwa bungeni. Hotuba ilikuwa ya kurasa sitini na mbili.

Mlezi alipofika ukurasa wa tisa, Waziri Mapande akatoa ishara kwamba kanga zianze kugawiwa, ili furaha iongezeke. Mabunda yalifunguliwa chini kabisa, kwenye ukuta wa mashariki. Waliokuwa juu wakashuka kuzifuata. Waliokuwa chini hawakuwa na pa kwenda.

Siwatu alikuwa juu ya mnara wa wapiga picha, anahesabu. Wanne. Watano. Sita. Saba. Halafu akaacha kuhesabu, kwa mara ya kwanza tangu arudi ng'ambo. Kilichomtia hofu hakikuwa kelele. Mlezi alitamka jambo la kupigiwa makofi, uwanja mzima ukapiga, na mashariki hawakupiga. Mikono yao ilikuwa imebanwa mbavuni, haitoki.

"Watazameni wenzetu wa mashariki!" akanguruma mshereheshaji kwenye kipaza sauti. "Wametulia tuli! Wanasikiliza kwa heshima!"

Kisha watu elfu kumi wakalala kushoto kwa pamoja, wakarudi kulia kwa pamoja, na kanga zikaruka juu.

"Na sasa wanayumba kwa furaha, jamani, na muziki hata hatujapiga!"

Siwatu alishuka mnara kwa magoti na viwiko. Alikimbia mpaka nyuma ya kiti cha Waziri, akainama sikioni mwake.

"Mheshimiwa, watu wanakufa mashariki. Niruhusu nifungue mlango wa nne."

Waziri aliendelea kutabasamu, kwa kuwa kamera ilikuwa inamwangalia. "Mlango upi?"

"Wa dharura."

"Ule haujazinduliwa."

"Najua. Njoo uuzindue wewe, sasa hivi. Ni hatua mia tatu tu kutoka hapa."

"Mimi?" Tabasamu likabaki mdomoni, lakini macho yalihama. "Nizindue mimi kitu alichopangiwa yeye, naye yuko pale amesimama? Wewe una watoto, Bi. Siwatu?"

"Nina mama. Yuko kule kwenye ukuta."

"Basi muombee. Ukurasa wa ishirini na tano kuna pumziko la kwaya, nitajaribu kumgusia Mkuu wa Itifaki. Huenda baada ya chakula cha mchana likawezekana."

Siwatu alimtazama mtu huyo, akaona kwamba hana ubaya wowote moyoni. Hilo ndilo lililomtia hasira kuliko yote. Aligeuka bila kuaga, akapita kijia cha wapishi chini ya jukwaa, akatokea nje, akakimbia kuuzunguka ukuta viatu mkononi, huku analia kwa sauti na hajali nani anamsikia.

Koplo Pazi alikuwa amesimama wima mbele ya utepe wake, jasho linamchuruzika. Nyuma ya mlango palikuwa na mguno mmoja mrefu, wa watu wengi, usio na maneno.

"Fungua, Koplo."

"Nimewasikia dakika kumi nzima, Bi. Siwatu. Nimewapigia redio makao makuu. Wakaniuliza, utepe uko salama? Nikajibu uko salama. Wakasema, basi vizuri."

"Fungua, kaka yangu. Mama yangu yumo humo."

"Nimeusainia!" Akaonyesha daftari. "Miaka miwili, kila asubuhi, kwa mkono wangu. Nina watoto watano. Utaratibu siwezi kuuvunja, dada, wataniua. Ungefuatwa utaratibu, hapo mimi ni nani hata nizuie?"

Siwatu akatupa macho pembeni. Kando ya mlango lilikuwapo sanduku la vifaa vya uzinduzi, limekaa hapo miaka miwili: mkasi, mto wa satini, glavu nyeupe. Akalifungua. Akajifuta machozi kwa kiganja, akasimama wima, akatoa sauti ya mshereheshaji.

"Mgeni rasmi, Koplo Pazi Mgude! Kwa niaba ya wananchi walio nyuma ya mlango huu, ninayo heshima kukukaribisha utuzindulie."

Koplo aligeuka nyuma kuangalia kama yuko Pazi mwingine. "Mimi?"

"Wewe. Nani anaujua mlango huu kukushinda?"

Mtu huyu hakuwahi kualikwa maishani mwake hata kufungua chupa ya soda. Akaweka kofia sawa. Akafunga kifungo cha shingoni. Akaanza kuvaa glavu.

"Glavu acha, Koplo!"

"Bila glavu si uzinduzi," akasema, akavaa moja kwa kumhurumia. Siwatu akamnyooshea mkasi juu ya mto. Koplo akauchukua, akasita. "Na hotuba?"

"Fupi! Kwa jina la Mungu, iwe fupi!"

Koplo Pazi akakohoa, akaukabili mlango.

"Ndugu wananchi," akasema, "tokeni."

Wajuzi wa mambo wanasema hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote zilizopata kutolewa Heko, na ndiyo pekee iliyotekelezwa siku ileile. Utepe ukakatika. Siwatu akapiga kigelegele, sauti imempasuka kwa kilio, ili kisipungue kitu. Wakavuta komeo pamoja, na mlango ukawafuata wenyewe.

Wa kwanza walitoka wakianguka. Siwatu na Koplo wakawaburuta pembeni, wakiwapigia kelele wanaofuata: tembeeni, msisimame mlangoni, endeleeni mbele, mbele! Wakatoka mamia, kisha maelfu, nyuso zimepauka, wengine bila viatu, wengine bila mashati. Bi. Kidawa alitoka mgongoni kwa kijana asiyemfahamu, kiatu kimoja, mbavu mbili zimevunjika na kanga hana.

"Siwatu," akasema alipoweza kusema, "mlango mzuri hivi, mbona mlituficha?"

Siwatu alimkumbatia mpaka mama akalalamikia mbavu. Kule ndani Mlezi alikuwa ukurasa wa kumi na nne na upande mzima wa mashariki ulikuwa mtupu. "Wenzetu wa mashariki," akatangaza mshereheshaji bila kusita, "wametangulia kuyatekeleza maagizo!"

Hakufa mtu hata mmoja. Na hapo ndipo matatizo ya Siwatu yalipoanzia.

Iliundwa Tume, mwenyekiti Waziri Mapande. Mashitaka yalikuwa mawili: kuzindua bila mamlaka, na kuwatoa wananchi kabla ya Mlezi. Adhabu ilikuwa miaka saba kwa Siwatu na saba kwa mgeni rasmi wake. Ukumbi wa wizara ulijaa watu mpaka madirishani.

"Bi. Siwatu," akaanza Waziri, "siku ile walikufa watu wangapi?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Hatari iko wapi basi?"

"Ilitoka mlangoni ikaenda zake."

Waziri alivua miwani. Alikuwa na huruma ya kweli. "Mimi si adui yako. Wangekufa hata wanne tu, leo ningesimama hapa nikutetee. Ningewaambia watu, oneni, wanne, na bila mama huyu wangekuwa mia nne! Lakini umeniletea sifuri. Sifuri mtu anaitetea kwa lipi?" Wajumbe wote wa Tume wakatikisa vichwa, kwamba hoja ni nzito. "Haya, nikusaidie. Nitajie majina ya hao ambao wangekufa."

Miaka yote hiyo Siwatu alikuwa amehesabu watu, hakuwahi kuwauliza majina. Alitazama ukumbini, akawaona waliotoka siku ile, wengi tu, na wote wakatazama sakafu. Hakuwalaumu. Karatasi za mahudhurio zilionyesha kuwa wote walikaa mpaka mwisho wakapiga makofi. Atakayesema alitoka, mbolea kwaheri.

Kiti kikalia nyuma. Bi. Kidawa alisimama taratibu, ameshika mbavu.

"Andika Kidawa binti Shomari," akamwambia karani. "Mimi ningekufa."

"Bibi," akasema karani, "karatasi inasema ulikuwepo mpaka mwisho ukapiga makofi."

"Karatasi ndiyo iliyopiga. Mimi nilikuwa nimebebwa mgongoni. Andika."

"Andika na mimi," ikatoka sauti ya kijana aliyembeba. Akasimama mwalimu mmoja mwenye mkono uliofungwa plasta. Akasimama muuza karanga. Wakasimama mke na mume waliokuwa hawasemezani. Walio madirishani wakapenyeza majina yao kwenye vipande vya karatasi. Siwatu alilia mbele ya Tume bila aibu, na Koplo Pazi alilia naye, kwa utaratibu, kofia mkononi. Karani aliandika mpaka saa kumi na moja jioni, yakafika majina mia nne na kumi na mawili.

Karani huyo alikuwa mtu makini. Orodha sharti iwe na kichwa, na fomu za wizara zilikuwa na vichwa viwili tu: Waliohudhuria na Waliofariki. Kwa kuwa hawa wamekiri kwamba waliondoka, cha kwanza hakikuwafaa. Akawaweka kwenye cha pili. Waziri akasaini bila kusoma, kama desturi, akagonga muhuri.

Kesho yake taifa likaamkia msiba. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Waziri Mapande alisimama mbele ya kamera na machozi ya kweli akatimiza ahadi yake: mia nne na kumi na wawili, akasema, na bila ushujaa wa mama huyu wangekuwa maelfu! Siwatu na Koplo wakaachiwa huru siku hiyohiyo, na ikaamriwa mlango wa nne ubaki wazi daima. Marehemu wakapanda magari wakarudi makwao.

Bi. Kidawa alipokea barua ya rambirambi ya kifo chake. Aliisoma mara mbili, akasema imeandikwa vizuri, kisha akanuna wiki nzima kwa ajili ya mbolea, kwani marehemu hapewi. Lakini mwezi uliofuata mtendaji wa kata alipita na karatasi ya sherehe nyingine. Akaandika nyumba ya kushoto, akaandika nyumba ya kulia. Mbele ya mlango wa Bi. Kidawa alivua kofia, akapita kimyakimya. Siku hiyo ya sherehe mama alipalilia mahindi yake kutwa, akala, akalala usingizi wa mchana.

Jioni jirani yake alirudi na lori, miguu imevimba, sauti imekauka. Akamkuta mama anapepeta mchele.

"Bi. Kidawa, wewe ulifanyaje?"

"Nilikufa tu, mwenzangu. Unakwenda pale Tume, dirisha la pili, unaandikisha jina. Hawana maneno mengi."

Baada ya siku tatu wizara ikamtuma Siwatu haraka, aende na filimbi, kamba na askari ishirini, maana imeripotiwa kuwa umati mkubwa ambao haujapata kuonekana umeizingira ofisi ya Tume. Siwatu alifika mbio. Akakuta mstari. Ulianzia dirisha la pili, ukazunguka jengo, ukashuka barabara kuu mpaka sokoni, ukapinda huko usionekane mwisho wake. Wazee walikuwa wamewekewa viti. Wajawazito walikuwa wamepelekwa mbele. Kati ya mtu na mtu palikuwa na nafasi ya kupitisha baiskeli.

Siwatu aliutembea mstari huo saa nzima, filimbi mdomoni, na hakupata mahali pa kuipuliza. Mwishoni kabisa alimkuta mwanamke mmoja amekaa juu ya ndoo aliyoigeuza, anasuka ukili, anangoja.

"Dada," Siwatu akamwuliza, "watu wote hawa, mbona hamsukumani?"

Mwanamke alimtazama kama anayetazama mtu aliyetoka nchi nyingine.

"Tusukumane kwa lipi?" akasema. "Huku hatukuletwa."